Simu, usukani na sekunde ishirini

Leo siandiki juu ya programu mpya wala simu mpya iliyotoka. Nataka tuzungumze historia ya simu na usukani, kwa sababu kuna namba moja niliyoiandika mwenyewe kwenye msimbo ikaninyima usingizi. Namba hiyo ni 20.

Ilikuwa hivi. Kampuni moja ndogo hapa Nakuru, inayosambaza vyakula vya mifugo, iliniomba niwatengenezee madereva wake programu ya simu. Kazi yenyewe rahisi tu. Oda ikiingia, simu ya dereva aliye karibu inalia, anabonyeza "Kubali", anaonyeshwa pa kupeleka. Asipobonyeza, oda inaruka kwa dereva mwingine. Sasa asubiriwe kwa muda gani? Nilikuwa nimekaa mezani, kikombe cha chai pembeni, nikaandika sekunde 20. Sikumwuliza mtu. Nikaendelea na mstari uliofuata.

Wiki mbili baadaye niliomba lifti kwenye pikapu ya dereva mmoja, mzee wa makamo, tukashika njia ya Naivasha. Tulipofika Mbaruk, mbele yetu trela, nyuma yetu matatu yenye haraka zake, simu iliyokuwa kwenye dashibodi ikalia. Mzee akanyosha mkono, akaichukua, akainamisha macho. Mimi nilipotazama mbele nikaona taa za breki za trela zimewaka. Nikapiga kelele. Akakanyaga breki, tukasimama karibu kabisa na bampa ya trela. Kule mbele mkokoteni wa punda uliobeba mitungi ya maji ulikuwa unavuka barabara pole pole, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mzee hakunigombeza. Alisema taratibu: "Kijana, hii simu yako hainingoji. Nisipobonyeza, mzigo unaenda kwa mwenzangu. Nikibonyeza na trafiki anione, ni elfu mbili. Wewe uliyeitengeneza ulitaka nifanyeje?"

Sikuwa na jibu. Basi nikaenda kutafuta, na kama kawaida yangu nikaanzia mwanzo kabisa.

Simu ilizaliwa garini

Wengi wetu tunadhani simu ya mkononi ilikuja kwanza, halafu watu wakaanza kuingia nayo kwenye gari. Ukweli ni kinyume chake. Tarehe 17 Juni 1946, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, kampuni za Bell zilianzisha huduma ya simu isiyo na waya kwa ajili ya magari. Mitambo yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30, ikawekwa kwenye buti, na kipokezi kikaning'inizwa karibu na dereva. Hukuweza kupiga namba mwenyewe. Ulimwita opareta akakuunganisha. Kwa sababu ya uzito na kiu yake ya umeme, simu hiyo isingeweza kuishi kwingine isipokuwa ndani ya gari.

Ilichukua miaka 27 simu ishuke garini. Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper wa Motorola alisimama kwenye barabara moja ya New York akapiga simu aliyoishika mkononi. Kwa hiyo tunaposema leo kwamba simu na gari havipatani, tukumbuke kwamba gari ndilo lililokuwa nyumba ya kwanza ya simu. Hakuna aliyeiingiza kwa bahati mbaya. Wahandisi waliiweka mbele ya dereva kwa makusudi, na kwa miaka mingi ikauzwa kama alama ya mtu mwenye shughuli nyingi.

Simu yafika Bonde la Ufa

Kenya ilipata huduma yake ya kwanza ya simu za mkononi mwaka 1992, chini ya lile shirika la zamani la posta na simu, KPTC. Ilikuwa mitambo ya analogia, na kifaa kimoja kiligharimu takriban shilingi 250,000. Kwa bei hiyo, aliyekuwa na simu alikuwa na gari pia, na mara nyingi alikuwa na dereva wa kumwendesha. Tatizo la simu kwenye usukani lilikuwa la watu wachache sana.

Mambo yalibadilika mwaka 2000. KPTC ilikuwa imevunjwa mwaka 1999, Vodafone ikaingia Safaricom, na Kencell ikaanza kazi mwaka huo huo wa 2000. Wanaokumbuka watakumbuka ule ubishi: Kencell walihesabu kwa sekunde, Safaricom kwa dakika. Hapa Nakuru watu walitembea na laini mbili kwa sababu hiyo tu. Kredo ilikuwa ghali, basi tulikuwa tukiflashi. Unampigia mtu, inalia mara moja, unakata, naye anajua unamtafuta.

Hebu mfikirie dereva wa wakati ule. Mtu akimflashi yuko Gilgil, ni lazima atazame ni nani. Hata kabla hajazungumza neno, kile kioo kidogo kimeshayaondoa macho yake barabarani. Flashi haikugharimu shilingi, lakini ilimgharimu uangalifu wake.

Tusisahau pia kwamba simu iliwasaidia madereva. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, barabara ya kutoka Nairobi kupitia Naivasha na Nakuru hadi Eldoret ilifungwa kwa vizuizi sehemu nyingi, na Nakuru na Naivasha watu waliuawa. Magari yalisafiri kwa misafara yenye ulinzi. Siku hizo dereva mwenye simu aliweza kuuliza kama mbele kunapitika, na jibu lingeweza kumwokoa. Ndipo pia wanablogu na waandishi wa programu walipoanzisha Ushahidi, tovuti iliyokusanya taarifa za ghasia zilizotumwa kwa mtandao na kwa SMS na kuzionyesha kwenye ramani. Kwa hiyo anayemwambia dereva wa Bonde la Ufa kwamba simu ni upuuzi tu wa vijana hajui historia ya barabara hii.

Sheria iliyotangulia simu

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953, enzi za ukoloni. Wakati huo hapakuwa na simu ya mkononi popote duniani. Hata hivyo kifungu cha 49 kinamfunga dereva yeyote anayeendesha bila uangalifu unaostahili au bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Hakitaji simu. Hakitaji muhindi wa kuchoma wala gazeti. Kinauliza swali moja: akili yako ilikuwa barabarani au haikuwa?

Mimi mtu wa msimbo nakipenda kifungu hicho. Ni kama mtu aliyeandika sheria moja ya jumla badala ya kuorodhesha kila kosa linaloweza kutokea. Ubaya wake ni kwamba kosa la jumla ni gumu kuthibitisha. Askari aliyesimama kando ya barabara pale Kikopey hawezi kuuona uangalifu wako. Anaweza kukiona kifaa kilicho sikioni mwako.

Ndiyo maana nchi nyingi ziliamua kukitaja kifaa chenyewe. Jimbo la New York lilikuwa la kwanza nchini Marekani kupiga marufuku simu ya kushika mkononi kwa madereva wote, kuanzia Novemba 2001. Uingereza ikafuata tarehe 1 Desemba 2003. Kenya nayo ililiweka kosa hilo katika orodha ya Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016: dereva anayetumia simu gari likiwa linakwenda alipishwe shilingi 2,000. Katika orodha hiyo hiyo kutofunga mkanda kuliwekewa shilingi 500, na abiria anayetoa sehemu ya mwili nje ya gari linalokwenda shilingi 1,000.

Hitilafu kwenye sheria

Ukitaja kifaa, basi umejifunga na kifaa. Sheria ya Uingereza ya 2003 ilizungumzia simu inayotumika kwa mawasiliano. Wakati huo hilo lilitosha, kwani simu ilikuwa ya kupiga na kutuma ujumbe. Kisha simu ikawa kamera, ikawa ramani, ikawa redio. Mwaka 2019 mahakama kuu huko iliamua kesi ya dereva aliyekuwa akiipiga picha ya video ajali aliyoipita njiani. Majaji walikubali kwamba kitendo kile ni cha hatari, lakini kupiga video si kuwasiliana, kwa hiyo sheria ile haikumhusu. Ilibidi sheria ibadilishwe, na kuanzia tarehe 25 Machi 2022 kukishika kifaa cha aina hiyo na kukitumia kwa jambo lolote kukawa kosa.

Wenzangu waandishi wa programu mnaijua hali hii. Unaandika masharti kwa ulimwengu wa leo, kesho ulimwengu unabadilika, msimbo unaendelea kutii kile ulichosema badala ya ulichokusudia. Zaidi ya miaka 18 ilipita kabla kiraka hakijawekwa.

Kanuni yetu ya 2016 ina upana mzuri, kwa kuwa inasema kutumia simu bila kuuliza unaitumia kufanya nini. Lakini ina maneno yale "gari likiwa linakwenda". Ukisimama kwenye foleni ya Kenyatta Avenue, kwa maneno hayo hukwendi. Ukisogea mita tatu, unakwenda. Dereva aliyeanza kuandika ujumbe akiwa amesimama mara nyingi anaumalizia akiwa ameshaondoka.

Tatizo si mkono

Hapa ndipo sayansi inapotuaibisha. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, walichukua madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali, wakalinganisha rekodi za simu zao na muda wa ajali. Wakakuta kwamba dereva anapotumia simu, uwezekano wa kugongana ni karibu mara nne ya anapokuwa haitumii. Jambo la pili walilokuta ndilo lililonishangaza: waliotumia simu zisizoshikwa mkononi hawakuonekana kuwa salama zaidi. Mkono ulikuwa huru, lakini akili ilikuwa imeshikwa.

Kuhusu ujumbe wa maandishi mambo ni mabaya zaidi. Utafiti wa taasisi ya usafiri ya Virginia Tech uliotolewa mwaka 2009 uliwafuatilia madereva wa malori kwa kamera. Katika sekunde 6 zilizotangulia tukio la hatari, aliyekuwa akiandika au kusoma ujumbe alikuwa ameondoa macho barabarani kwa sekunde 4.6.

Hebu tupige hesabu. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde. Kwa sekunde 4.6 gari limekwenda zaidi ya mita 100, yaani goli hadi goli kwenye uwanja wa mpira, dereva akiwa kama amefumba macho. Na sekunde zangu 20? Hizo ni mita 444. Nilimpa yule mzee karibu nusu kilomita ya barabara kuu, nikamwambia: amua hapo katikati, la sivyo ukose riziki.

Michuki na kifaa

Kuna kipande kimoja cha historia yetu wenyewe ambacho naona kina jibu. Wale waliokuwa wakipanda matatu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka jinsi tulivyobanana, watu 20 kwenye gari la 14, wengine wananing'inia mlangoni. Kisha ikaja tarehe 1 Februari 2004, na kanuni za waziri wa uchukuzi, John Michuki: mstari wa manjano, sare za dereva na kondakta, mikanda kwenye kila kiti, na kidhibiti mwendo kisichoruhusu matatu kupita kilomita 80 kwa saa. Siku za kwanza magari mengi hayakuwa barabarani na watu walitembea kwa miguu.

Tazama alichokifanya Michuki. Hakumwambia dereva tu kwamba asikimbie. Hilo alikuwa ameambiwa miaka yote. Alikiingiza kizuizi ndani ya mashine. Ni kweli, baadaye wengine walivichezea vidhibiti, na kila mwaka tuliendelea kuzika watu. Barabara hii ina majina tunayoyataja kwa huzuni: Sachangwan, Januari 2009, moto wa lori la mafuta ulioua zaidi ya watu 100, Karai karibu na Naivasha, Desemba 2016, Migaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, watu 36. Sizitaji ajali hizi kwa sababu ya simu. Nazitaja ili tujue jinsi barabara yenyewe ilivyo kali, na jinsi isivyomwachia dereva nafasi ya kukosea kwa sekunde chache. Nchi nzima hupoteza zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote.

Lakini wazo la Michuki lilikuwa sahihi: palipo na mashine, usitegemee ahadi ya mtu peke yake. Faini ya simu inategemea jicho la askari. Kidhibiti mwendo hakihitaji askari.

Simu ikawa kazi

Na kuna sababu nyingine inayofanya faini peke yake isitoshe. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Mwaka huo huo iPhone ikatoka Marekani. Mwaka 2011 simu za Android za takriban shilingi 8,000 zilikuwa madukani Kenya. Uber ikafika Nairobi mwaka 2015, na baadaye huduma za aina hiyo zikafika Nakuru.

Kabla ya hapo simu ilimkatiza dereva kazini. Baada ya hapo simu ndiyo ikawa kazi. Mwenye teksi anapata abiria kwa simu, anaelekezwa kwa simu, analipwa kwa simu, anapewa nyota kwa simu. Mwenye bodaboda ana simu kwenye usukani, au ameibana ndani ya helmeti. Ukimwambia aizime, unamwambia afunge duka.

Sheria inamkamata aliyeshika simu. Haimgusi yule aliyeandika kwamba simu ilie wakati huo, kwa mlio huo, kwa sekunde hizo. Yule ni mimi, na pengine ni wewe msomaji wangu.

Namba 20 leo

Nilirudi Nakuru nikaifungua ile programu. Simu ina GPS, kwa hiyo inajua mwendo wa gari. Niliandika sharti dogo sana: gari likiwa linakwenda zaidi ya kilomita 10 kwa saa, oda isipelekwe kwa dereva. Ikae kwenye seva. Akisimama kwa dakika moja nzima ndipo simu ilie, ili isije ikalia kwenye foleni. Ile hesabu ya sekunde 20 nikaifuta, na oda ya dereva aliye safarini ikawa haimtoroki kwa sababu hakubonyeza.

Tajiri hakufurahi. Alisema wateja watasubiri, na kweli walisubiri. Wawili wakahamia kwa mshindani. Tulibishana ofisini kwake karibu asubuhi nzima. Mwishowe tulikubaliana kwamba oda nyingi zipangwe saa kumi na mbili unusu asubuhi, magari yakiwa bado yanapakiwa uani, na zinazoingia baadaye zingoje kituo kinachofuata. Yule mzee alikuwa amesimama mlangoni wakati tunabishana. Alisema neno moja tu: "Punda hawajui haraka zenu."

Sikuandika haya kujisifu. Sharti lile lilikuwa mistari michache tu, na nilipaswa kuliandika tangu siku ya kwanza. Ndilo linaloniuma: kilichokosekana hakikuwa ujuzi, ni kuuliza tu huyu mtu atakuwa wapi simu hii ikilia.

Basi, ukiwa unaendesha, itupe simu kiti cha nyuma; atakayekutafuta atakupata ukifika. Na ukiwa unaandika programu itakayotumiwa na mtu wa barabarani, kabla hujaweka namba yoyote ya sekunde, izidishe kwa 22 upate mita, kisha nenda Mbaruk uzitazame hizo mita kwa macho yako.

Safari njema, wasomaji. Tuonane wakati mwingine.